Kipya Kinyemi, Ingawa Kidonda: Habari za Bastola Mpya na Kasoro Zake

Wazee wetu walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mkulima wa Kisauni anunuapo jembe jipya hulitazama, hulisifu, na kumwonyesha jirani yake. Karani wa Changamwe apatapo baiskeli mpya huipanda siku ya kwanza hata kwenda mahali ambapo angefika upesi kwa miguu. Furaha hiyo haina ubaya. Jembe likiwa na mpini mbovu, mkulima atapoteza asubuhi moja tu. Na baiskeli ikikatika mnyororo njiani, karani ataisukuma mpaka kwa fundi, jasho likimtoka, lakini atafika nyumbani salama.

Kipo kitu kimoja, hata hivyo, ambacho upya wake wapasa kumtia mtu shaka kwanza, na furaha baadaye. Kitu hicho ni bunduki au bastola. Jembe bovu humchosha mwenyewe; bastola mbovu yaweza kumwua. Tena ina hila ambayo jembe halina. Yaweza kukaa sandukuni miaka mingi ikionekana nzima, iking'aa kama fedha, wala kasoro yake isijulikane mpaka dakika ile ile inapotakiwa kazi.

Huenda msomaji akasema, “Mambo haya yanihusu nini? Mimi si askari.” Lakini bara ya Mombasa ina watu wengi ambao habari hizi zawagusa. Wako askari polisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Wako askari wa wanyama wanaokwenda huko Kwale ndovu wanapoingia mashambani. Wako wafanya biashara wachache waliopewa vyeti vya kuwa na bastola kwa ajili ya kujilinda. Na wako wake na watoto wa watu hao, ambao hulala katika nyumba moja na silaha hiyo. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue jambo hili: silaha haiaminiwi kwa sababu ni mpya, bali kwa sababu imejaribiwa.

JAMBO LILILOTOKEA TSAVO

Tuanze na habari iliyotokea karibu nasi. Mwaka 1896 reli ya Uganda ilianza kujengwa hapa Mombasa, ikavuka maji ya Makupa, ikapita Changamwe na kuelekea barani. Mwaka 1898 ilifika mto Tsavo, yapata maili 130 kutoka pwani, na hapo ndipo simba wawili walipoanza kuwala wafanya kazi. Mhandisi aliyekuwa na kazi ya kujenga daraja la Tsavo, Bwana J. H. Patterson, aliwawinda simba hao kwa miezi mingi bila kufanikiwa.

Asubuhi ya tarehe 9 Desemba, 1898, mtu mmoja Mswahili alikuja mbio akipiga kelele kwamba simba yuko karibu. Alikuwa amejaribu kumkamata mtu kambini, akamkosa, akamwua punda, naye alikuwa hapo hapo akimla. Bwana Patterson aliona kwamba siku yake imefika. Siku ile alikuwa na bunduki kubwa ya mitutu miwili aliyoazimwa na rafiki yake, yenye nguvu kupita bunduki yake mwenyewe. Akaichukua hiyo, kwa kufikiri kwamba bunduki kubwa ndiyo itakayomfaa zaidi kwa mnyama mkubwa. Wafanya kazi wakazunguka kichaka wakipiga ngoma na madebe, na yeye akajificha nyuma ya kichuguu.

Simba akatoka, mkubwa, akitembea polepole na kutazama nyuma kwenye kelele. Alikuja mpaka yadi 15 hivi, asimwone mtu. Bwana Patterson akalenga kichwa, akavuta. Bunduki haikulia. Kilichosikika ni mlio mdogo wa chuma kugonga chuma.

Sasa sikilizeni jambo la pili, maana ni kubwa kuliko la kwanza. Bunduki ile ilikuwa na mitutu miwili, na mtutu wa pili ulikuwa na risasi. Lakini Bwana Patterson alifadhaika hata akasahau kwamba ana risasi nyingine. Simba naye alishtuka. Badala ya kumrukia, akageuka kuingia kichakani. Hapo mwindaji akapata fahamu, akapiga kwa mtutu wa pili, akamjeruhi, lakini simba akaenda zake. Bwana Patterson aliandika baadaye katika kitabu chake jinsi alivyojilaumu kwa kutegemea silaha ya kuazima, akairudisha kwa mwenyewe. Usiku ule ule simba alirudi, akapigwa na kufa, na wa pili akauawa kabla ya mwaka kwisha. Leo simba hao wawili wamo katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago, Marekani, na watu huenda kuwatazama.

Ukiifikiri habari hii utaona makosa mawili. Moja ni la chuma: bunduki ilikataa kulia. La pili ni la mtu: mpigaji hakuizoea silaha ile, wala hakupata kujizoeza atafanya nini ikikataa. Hata kama bunduki ile haikuwa mpya kutoka kiwandani, kwake yeye ilikuwa mpya. Na makosa hayo mawili ndiyo yanayoonekana mpaka leo kila mahali ambapo mtu huchukua bastola mpya kutoka katika karatasi yake na kuitia kiunoni siku hiyo hiyo.

MTAMBO WA BASTOLA

Bastola tunayoitaja hapa ni ile yenye silinda inayozunguka. Watu wengi hudhani kwamba, kwa kuwa umbo lake ni la zamani, basi mtambo wake ni rahisi na hauwezi kuharibika. Kwa nje ni kweli. Kwa ndani sivyo.

Silinda ina vyumba vitano au sita, na kila chumba hukaa risasi moja. Mtu avutapo kifyatulio, kidole kidogo cha chuma huisukuma silinda mpaka chumba kimoja kifike sawasawa nyuma ya mtutu. Hapo komeo dogo huinuka chini ya silinda na kuishika isisogee. Wakati huo huo nyundo huvutwa nyuma, springi yake hukazika, kisha huachiliwa ikapiga fataki iliyo kitakoni mwa ganda la risasi. Fataki huwasha baruti, na risasi hutoka. Kazi zote hizo hufanyika kwa kuvuta mara moja tu, na kila kimoja lazima kije kwa zamu yake, kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja.

Basi zitazameni njia ambazo mambo yaweza kuharibika. Springi ya nyundo ikiwa dhaifu, nyundo hugusa fataki bila kuiwasha. Kidole cha silinda kikiwa kifupi kidogo tu, chumba hakifiki sawasawa mbele ya mtutu, na risasi ipitapo hukwaruzwa, vipande vya risasi vikaruka pembeni na kumwumiza mpigaji au aliyesimama karibu naye. Parafujo zikilegea, mtambo wote huyumba. Fimbo ndogo ya kutolea maganda ikijifungua, silinda hukataa kufunguka. Ganda moja likinasa chini ya kitolea maganda, silinda haifungiki tena. Na risasi zenyewe, zisipobanwa vizuri katika maganda yake, husogea mbele kwa mshtuko wa kila pigo, mpaka moja itokeze na kuizuia silinda isizunguke kabisa. Hapo mtu ana risasi tatu mkononi, wala hana hata moja ya kupiga.

BASTOLA MPYA ZILIZOPATA SIFA MBAYA

Mambo hayo si ya kubuni. Historia ya bastola imejaa silaha mpya zilizosifiwa sana, kisha zikaonyesha kasoro mikononi mwa wanunuzi wa kwanza.

Mwaka 1847 Samuel Colt wa Marekani alitengeneza bastola kubwa iitwayo Walker, yenye uzito wa ratili 4 na nusu. Kwa nguvu haikuwa na mwenzake. Lakini vyumba vyake vilichukua baruti nyingi kupita nguvu ya chuma cha siku zile, na silinda nyingi zikapasuka. Tena wenzo uliokuwa chini ya mtutu wa kushindilia risasi uliweza kuanguka baada ya pigo na kuizuia silinda. Bastola zilizofuata zilipunguziwa baruti na kuwekewa kishikizo bora.

Mwaka 1880 jeshi la Uingereza lilipokea bastola mpya ya Enfield. Ilikuwa na ufundi wa ajabu: ukiifungua, mtutu uliinama na silinda ikaenda mbele, ili maganda matupu yaanguke yenyewe. Lakini mara nyingi ganda la chini halikuanguka, likabaki limenasa, na askari akalazimika kulitoa kwa vidole huku adui akimkaribia. Ilisahihishwa mwaka 1882, wala haikupata sifa njema. Mwaka 1887 jeshi likaanza kupokea bastola za Webley badala yake. Silaha mpya ya jeshi kubwa namna ile ilidumu miaka 7 tu.

Jeshi hilo hilo lilipata somo jingine wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942, kwa haraka ya vita na ili kupunguza kazi kiwandani, zilitengenezwa bastola za Enfield za aina ya 38 bila kile kipande kidogo kinachozuia nyundo isiguse risasi bastola inapoanguka. Kipande hicho ni kidogo kuliko ukucha. Lakini bila hicho, bastola ikianguka sakafuni huku nyundo iko juu ya risasi, yaweza kulia yenyewe. Baada ya vita bastola nyingi za namna hiyo zilirudishwa karakana na kutiwa kipande chake.

Huko Marekani kampuni ya Ruger ilianza mwaka 1953 kuuza bastola za umbo la kale zilizopendwa sana. Nazo zilikuwa na hatari ile ile ya kulia zinapoanguka, ndiyo sababu wenye busara waliacha chumba kimoja kitupu chini ya nyundo. Mwaka 1973 kampuni ilitoa mtambo mpya wenye kipande cha usalama, na baadaye ikajitolea kuzitengeneza zile za zamani bila malipo.

Wala msidhani kwamba mambo haya yalikwisha kwa sababu viwanda vya leo vina mashine bora. Bastola ya Colt iitwayo Python ilitolewa kwanza mwaka 1955, ikaheshimiwa sana kwa ufundi wake, kisha ikaachwa kutengenezwa mwaka 2005. Mwaka 2020 ilitolewa upya, na watu walikuwa wameingoja kwa hamu. Baadhi ya wanunuzi wa kwanza walilalamika: nyingine nyundo yake haikuwasha fataki, nyingine silinda haikuzunguka sawasawa, nyingine parafujo ya ubavuni ililegea. Jina kubwa na bei kubwa havikuzuia kasoro hizo.

Hapa kwetu Kenya tulipata kuona silaha mpya za namna nyingine kabisa. Siku za Hali ya Hatari, tangu mwaka 1952, wapiganaji wa msituni walijitengenezea bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango na mipira au springi. Zilionyesha akili na ushujaa wa mafundi wake, lakini nyingi zilipasuka au zilikataa kulia, na aliyezibeba alikuwa hatarini sawa na aliyelengwa.

KWA NINI KIPYA HUWA NA KASORO?

Mtu aweza kuuliza: mafundi hawa ni mabingwa, mbona hukosea? Sababu ni tatu. Kwanza, kiwanda hujaribu bastola chache kwa risasi nyingi, na bastola nyingi kwa risasi chache. Bastola iliyo mkononi mwako huenda imepigwa mara chache tu kabla ya kutiwa sandukuni. Pili, mtambo ukibadilishwa mahali pamoja huleta shida mahali pengine. Springi ikilegezwa ili kifyatulio kivutike kwa urahisi, nyundo hukosa nguvu ya kuwasha fataki. Tatu, ipo haraka, iwe ya vita au ya biashara.

Watu wengine huona alama iliyogongwa kwenye mtutu wakadhani kwamba imemaliza maneno. Ni kweli kwamba nchi nyingi zina nyumba za kujaribia silaha. Ile ya Birmingham, Uingereza, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Huko silaha hupigwa kwa baruti yenye nguvu kuliko kawaida, na isipopasuka hugongwa alama. Lakini alama ile yasema tu kwamba chuma ni kigumu. Haisemi kwamba springi itafanya kazi mara ya mia, wala kwamba silinda haitakwama.

HEWA YA BAHARI

Sisi wa bara ya Mombasa tuna adui mwingine ambaye mtengenezaji wa bastola huenda hakumfikiri hata kidogo, nayo ni hewa ya chumvi. Kila mwenye nyumba Likoni ajua jinsi bati linavyotoboka na misumari inavyooza. Baiskeli iliyokaa mwaka mzima Nyeri bila kutu, hapa hushika wekundu katika masika moja. Bastola nayo ni chuma, na sehemu zake za ndani hazionekani. Kutu kidogo penye komeo la silinda yatosha kuifanya izunguke kwa shida. Na mafuta mazito, yakichanganyika na vumbi, huwa kama gundi na kuipunguzia nyundo nguvu.

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuiacha bastola ndani ya mkoba wake wa ngozi mwezi baada ya mwezi. Ngozi hunywa jasho na unyevu wa hewa, ikaushika na kuulaza juu ya chuma. Mkoba ni wa kuchukulia, si wa kuhifadhia. Silaha itolewe, ipanguswe kwa kitambaa kikavu, ipakwe mafuta mepesi kidogo tu, na ifungiwe mahali pakavu palipo na kufuli. Risasi nazo zisikae miaka mingi katika mikanda ya ngozi, maana maganda huota kijani.

MAMBO YA KUFANYA

Mwenye cheti apatapo bastola mpya, kwanza aisafishe, maana mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa na mafuta mazito ya kuihifadhi safarini. Ahakikishe haina risasi, kisha aivute polepole na kutazama kila chumba kama chafika mahali pake na kushikwa imara. Pili, aipige shabaha katika kiwanja kilichoruhusiwa, si shambani wala ufukweni, kwa risasi za aina ile ile atakayoichukua. Risasi kumi hazitoshi. Wazoefu wengi hawaiamini bastola mpaka imepiga mia moja au mia mbili bila kukataa. Gharama ni kubwa, lakini aliyeshindwa kulipa gharama hiyo na afikiri kama kweli ana haja ya silaha.

Tatu, ajue la kufanya ikikataa kulia. Asiigeuze kuitazama mdomoni! Aielekeze mahali salama na kungoja nusu dakika, kwa kuwa fataki huweza kuchelewa kuwaka. Na ikitoa mlio mdogo usio wa kawaida, aache mara moja: huenda risasi imebaki ndani ya mtutu, na risasi ya pili itaupasua.

Nne, bastola yenye kasoro isipelekwe kwa fundi wa baiskeli wala kwa rafiki mwenye tupa na koleo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, yakataza mtu kuwa na silaha au risasi bila cheti. Na kazi ya kutengeneza silaha ni ya mfanya biashara wa silaha aliyeandikishwa. Sheria hiyo si ya kuwaonea watu. Fundi akipunguza springi kwa kukisia tu, atairudisha bastola inayovutika vizuri sana dukani, ikakataa kulia usiku wa haja, au ikalia mezani mtoto aigusapo.

Nasi tulio wengi, ambao hatuna bastola wala haja ya kuwa nayo, tusidhani kwamba habari hii ni ya bure. Mashine zazidi kuingia katika maisha yetu kila mwaka, na kila moja huja na matangazo mazuri. Kitu kipya kisifiwe baada ya kazi, si kabla. Bwana Patterson alitoka asubuhi ile na bunduki kubwa kuliko zote alizoweza kupata, akaishika kwa matumaini makubwa, na uhai wake ukaokolewa na mshtuko wa simba. Si kila mtu atakutana na simba mwenye kushtuka.